Tuchore Ramani ya Kisangani kwa Miguu Yetu

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yahusu duka, lakini yahusu mji pia. Majumba ya zamani ni mali ya watu wote wakaao mjini, na daftari lake ni ramani.

Wanafunzi wa Kisangani, daftari hilo mwaweza kuliandika ninyi. Mwalimu aombe kwanza ruhusa kwa wakubwa, kwani apimaye barabara hutiliwa shaka. Kisha nyosheni kamba ya mita 100, mtembee kama desturi mkihesabu hatua. Aliyehesabu 150 ajue kwamba hatua zake tatu ni mita mbili. Basi, sentimita moja ya karatasi ikiwa ni mita 50 za njia, hatua 75 zitakuwa sentimita moja, na matembezi ya kilomita mbili yatahitaji sentimita 40.

Mto Kongo uchoreni chini ya karatasi, maana ndio ulioulea mji. Juu yake pangeni njia, halafu majumba. Kila jumba lichorwe kama mpita njia alionavyo: milango, matao, baraza za kivuli, kuta zenye matundu ya kupitisha hewa. Hivyo hata asiyejua kusoma atalitambua. Litieni namba, na pembeni maneno machache kwa Kiswahili na kwa Kilingala.

Anzeni penye Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari, karibu na mto. Andikeni kwamba Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alifika mwaka 1897, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Penye posta andikeni kwamba Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mjini humu kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza mwaka 1960. Ng'ambo, Lubunga, onyesheni mwanzo wa reli iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko, kilomita 125 hivi mpaka Ubundu.

Lakini historia isianze kwa Stanley, aliyeweka kituo hapa mwaka 1883. Wagenia walikuwa wakivua kwenye maporomoko kabla yake, wakifunga vikapu vikubwa vya kutegea samaki juu ya miti iliyosimamishwa majini. Huo nao ni ujenzi, wastahili picha. Tena Tippu Tip wa Unguja alikuwa liwali wa mahali hapa tangu mwaka 1887, na biashara ya watumwa ilipita hapa. Ramani isifiche.

Wala isifiche majeraha. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka, mamia ya raia wakafa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, na kati yake milioni 40 kwa ajili ya mali. Lakini waamuzi walisema kwamba ushahidi juu ya mali iliyoharibiwa ulikuwa haba. Je, ni wangapi waliokuwa na picha ya nyumba yao kabla haijabomoka? Basi, nyumba yenye ufa ichorwe na ufa wake. Iliyoanguka iachiwe mahali pake kwa mstari wa nukta nukta, na mwaka wake chini.

Kabla ya kutia wino, waendeeni wazee wa mtaa. Waulizeni ni nani aliyechoma matofali, ni nani aliyepandisha kuta. Majina ya waashi wetu hayakuchongwa mlangoni, lakini yaweza kuandikwa pembeni mwa ramani.

Kazi ikiisha, fanyeni nakala mbili zenye tarehe: moja ukutani shuleni, ya pili kabatini parokiani. Na mwakani itembeeni njia ile tena, mkiwa na kalamu mkononi.