Jumapili kanisani, Jumatatu kwenye mizani

Mkulima mdogo wa majani chai katika vilima vya Kericho na Bomet hufika kituo cha kuuzia majani mara kadhaa kwa mwezi, kikapu mgongoni, na kusimama kwenye foleni mbele ya karani mwenye mizani. Hapo hapana kwaya wala mahubiri. Hata hivyo, asomaye sura ya 19 ya Mambo ya Walawi ataona kwamba mahali kama hapo ndipo Torati inapomtafuta mcha Mungu.

Sura hiyo inajulikana zaidi kwa agizo la kumpenda jirani, lililo katika aya ya 18, na wahubiri wengi hukomea hapo. Walakini aya zinazolizunguka agizo hilo ni za mambo ya kawaida mno. Zinakataza wizi na uongo. Zinataka ujira wa kibarua usilale kwa tajiri wake hadi asubuhi. Zinamkemea anayezunguka akiwachongea wenzake. Kisha, katika aya ya 35 na 36, zinafikia mizani na vipimo vya nafaka. Upendo wa jirani katika Walawi si hisia tu. Unaweza kupimwa kwa kilo.

Na kilo hizo si jambo dogo. Chukua mfano wa karani anayempunja kila mkulima nusu kilo kila anapopima. Nusu kilo ni konzi chache za majani, na ni nadra mtu kuzigombania akiwa na haraka ya kurudi nyumbani kukama. Lakini mkulima akipeleka majani mara 8 kwa mwezi, mwaka ukiisha amepoteza kilo 48. Kituo kikiwa na wakulima 100, zimetoweka kilo 4,800. Kwa kuwa kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi, hiyo ni takriban tani nzima ya chai. Isitoshe, bonasi ya mwisho wa mwaka hulipwa kwa kilo zilizoandikwa kitabuni, hivyo aliyepunjwa mwezi wa Februari hupunjwa tena bonasi inapotoka.

Hila hii ni kongwe. Kumbukumbu la Torati 25:13 linamkataza mtu kubeba mfukoni mawe ya aina mbili, makubwa na madogo. Wafanyabiashara wa enzi hizo walipima kwa mawe: zito la kununulia, jepesi la kuuzia. Kiswahili chenyewe kingali kinaikumbuka desturi hiyo, kwani vipande vya chuma vya kupimia huitwa mawe ya mizani hadi leo. Nchini Kenya, Sheria ya Mizani na Vipimo, sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na mizani ya kielektroniki imeingia katika vituo vinavyohudumiwa na Shirika la Ustawi wa Majani Chai (KTDA). Ni hatua njema. Ila mizani ya kielektroniki nayo huwashwa na kurekebishwa na mkono wa mwanadamu.

Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji kabla ya kuwa nabii, aliwaona watu wa namna hii karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika sura ya 8 anawasuta wafanyabiashara waliokuwa wakiitunza Sabato huku wakihesabu saa iishe, wapate kupunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha. Hakuwashutumu kwa kukosa ibada. Walikuwa kwenye ibada. Mawazo yao ndiyo yaliyokuwa dukani.

Haki haidaiwi kwa karani pekee. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, na wapo wanaotandaza majani laini juu ya kikapu na kuficha magumu chini, au kuyanyunyizia maji yapate uzito. Mkulima wa namna hiyo huwalalamikia wenye mizani kwa sauti kubwa kuliko wote, na malalamiko yake yanaweza kuwa ya kweli. Wizi wa karani hauufuti wake.

Ukitoka Sotik ukaelekea Ndanai, kwenye upande wa Kaunti ya Bomet unaopakana na Transmara, ng'ombe na mahindi ndivyo vinavyobeba familia nyingi. Huko jaribu la Jumatatu limo ndani ya mtungi wa maziwa. Lita moja ya maziwa halisi ina uzito wa gramu 1,030 hivi. Ya maji ina gramu 1,000. Laktomita hutumia tofauti hiyo ndogo: maziwa yakitiwa maji, kifaa huzama zaidi. Lakini mjanja akiengua malai kwanza, maziwa huongezeka uzito kidogo, na maji atakayotia baadaye yatakirudisha kifaa pale pale panapotakiwa. Mpokeaji atasoma kipimo kizuri huku mtoto wa mnunuzi akinywa maziwa yaliyopungua mafuta na nguvu. Isaya 1:22 inataja divai iliyozimuliwa kwa maji kuwa dalili ya mji ulioharibika. Bomet hakuna divai ya kuzimua, ila maziwa yapo, na dalili ni ile ile.

Kuhusu ujira, maneno machache yatosha. Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo alizochuma, na mara nyingi hana akiba ya kumvusha wiki. Waraka wa Yakobo 5:4 unasema mishahara iliyozuiliwa ya waliovuna mashamba inalia, na kilio kimefika mbinguni. Mwenye shamba anayetoa sadaka nono huku wachumaji wake wakiambiwa waje kesho afadhali aanze na wachumaji.

Ulimi nao una mizani yake. Kuna uongo mwepesi uliozoeleka hata wazee wa kanisa hawauoni: mtu yuko Ndanai, anasema kwenye simu kwamba amekwisha kufika Sotik. Mathayo 5:37 inataka ndiyo ya mtu itoshe bila kiapo, na anayetegemewa kwa jambo dogo la barabarani huaminiwa pia anapoahidi kulipa deni.

Lakini upo uongo usiochekesha. Walawi 19:16 inaweka mambo mawili katika aya moja: kuchongea watu, na kuhatarisha damu ya jirani. Msomaji wa kawaida huweza kujiuliza umbea na damu vinahusianaje. Wakazi wa mpaka wa Sotik na Borabu hawana haja ya kuuliza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uvumi na ujumbe wa simu ulipita haraka kuliko ukweli kati ya Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi, na nyumba zikateketezwa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, inayoharamisha matamshi ya chuki. Mkono wa sheria hufika pale neno linaposemwa hadharani; lililosemwa jikoni, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya watoto wanaosikiliza, liko nje ya uwezo wake. Yakobo alipoufananisha ulimi na cheche inayoteketeza msitu alikuwa akisema jambo ambalo watu wa mpakani wameliona kwa macho.

Walawi hiyo hiyo, aya ya 33 na 34, inataka mgeni apendwe kama mwenyeji. Kutoka inakwenda mbali zaidi, na kwa watu wa Ndanai inagusa mahali penye kidonda, kwani wizi wa mifugo umewatia uhasama wakazi wa pande zote mbili za mpaka wa Transmara kwa miaka mingi. Kutoka 22:1 inamtaka aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza alipe watano. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kulipa mara nne wale aliowadhulumu. Hakuomba msamaha akabaki na mali. Fidia ya namna hii wazee wa Kipsigis na wa Kimaasai wanaielewa bila kufundishwa na mchungaji.

Agizo gumu liko katika sura inayofuata, Kutoka 23:4. Mtu akikuta ng'ombe wa adui yake amepotea, amrudishe. Aya haisemi adui huyo awe amekwisha kupatanishwa, wala haimtaki mwenye kurudisha asubiri wa kwake arudishwe kwanza. Inamtaka ashike kamba, amwongoze ng'ombe huyo kuvuka mpaka, na amfikishe kwenye boma la mwenyewe.