Maumivu ya kisigino: mashini ya mawimbi inafanya nini, na haifanyi nini

Asubui unashuka kitandani, unaweka muguu chini, na kisigino kinauma kama vile umekanyaga musumari. Ukitembea kidogo inapungua. Mangaribi, kisha kusimama siku muzima sokoni ao kubeba muzigo muzito, inarudia. Mara mingi tatizo ni ule mukanda mugumu wa chini ya unyayo, wenye unatoka kwenye kisigino kuenda kwenye vidole. Pale penye unashikamana na mufupa, pameharibika kidogo kidogo.

Wagonjwa wengine wenye wanavuka mupaka kutafuta matunzo wanarudia na karatasi yenye imeandikwa «ondes de choc». Kwa Kiswahili tuseme mawimbi ya mushituko. Juu ya neno «choc», mutu anaweza kufikiri wanapitisha umeme mwilini. Hapana. Ni mawimbi ya presha, ndugu ya sauti. Ukisimama karibu na ngoma kubwa, kifua kinatetemeka bila mutu kukugusa. Ni jambo la namna hiyo, lakini lenye nguvu zaidi, na linaelekezwa fasi moja ndogo.

Matunzo haya hayakuanzia kwenye miguu. Kule Ujerumani, wataalamu wa kampuni Dornier, yenye ilikuwa inatengeneza ndege, walikuwa wanachunguza namna matone ya mvua yanagonga ndege yenye kukimbia sana. Tarehe 7 mwezi wa pili 1980, katika muji wa Munich, munganga Christian Chaussy na wenzake walitumia mawimbi hayo kuvunja mawe ya figo ya mugonjwa wa kwanza, bila kumupasua. Mwaka 2000, Marekani iliruhusu mashini ya kwanza ya kutunza kisigino.

Hapa ndipo watu wanachanganya. Kwenye figo, mawimbi yanavunja jiwe. Kwenye kisigino hayavunji kitu. Hata ule «mwiba» wa mufupa wenye unaonekana kwenye radio (ile ya hospitali, hapana hii yetu) unabakia palepale, na watu wengi wako nao bila kuumwa. Mawimbi yanachokoza fasi yenye ilichoka, ili mwili uanze tena kuitengeneza, na yanapunguza maumivu.

Munganga ao kine anapakaa jeli, anaweka mukono wa mashini kwenye kisigino, na unasikia tak-tak-tak, mara nyingi mapigo karibu 2000, kwa dakika chache. Inauma, tusidanganyane. Unarudia kila juma, mara 3 mupaka 5. Kiisha unangojea: faida inaonekana kisha majuma 6 ao hata 12. Mwenye alilipa akifikiri atatoka akiruka, atasema wamemuiba.

Haifae kupigisha mawimbi hayo kama uko na mimba, kama unakunywa dawa za kufanya damu isigande, ao kama kuna uvimbe wa kansere ao maambukizo fasi ile. Mutoto mwenye mifupa ingali inakomaa, hapana pia. Na kama walikuchoma sindano ya kortizoni hivi karibuni, sema mbele waanze.

Sasa feza. Mbele ya kuuza mbuzi, jua hili: katika watu 10 wenye maumivu haya, karibu 8 ao 9 wanapona katika mwaka moja bila kupasuliwa, kwa njia za kawaida. Viatu vyenye soli laini, kupunguza muzigo, na zoezi hili: mbele ya kukanyaga chini asubui, weka muguu juu ya goti lingine, vuta vidole kuelekea kwako, hesabu mupaka 10, rudilia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Mashini ni ya mwenye alijaribu hayo miezi mingi bila kupata nafuu, na hata yeye anaendelea na zoezi.

Mutu akikuambia mashini ileile itaponya kisigino, mugongo na magoti yote pamoja, shika mufuko wako. Kwa mugongo hakuna ushuhuda wa nguvu. Muulize: bei ni ya mara moja ao ya mara zote? Na mbele ya kunipiga mawimbi, umenipima muguu?

Lakini kama kisigino kimevimba na kiko moto, ao uko na homa, ao uko na sukari na kidonda hakiponi, usingojee zoezi wala mashini. Enda hospitali leo.