Ondoa utelezi uani bila kumhatarisha mtoto

Katika nyumba nyingi za Kinyangiri, wilayani Mkalama, uani ndiko watoto wanakoshinda. Palipotandazwa matofali, mvua za kuanzia Desemba hivi hadi Aprili huleta utando wa kijani penye kivuli, na mtoto anayekimbia pekupeku anaweza kuteleza na kuvunjika mkono.

Anza na ufagio, si maji. Fagia mchanga na majani, kisha sugua utando kwa brashi ngumu ya plastiki. Brashi ya chuma iache, hukwangua uso wa tofali la kuchoma. Maji ya sabuni yaliyobaki baada ya kufua yanatosha.

Magugu yaliyoota kati ya matofali yang'oe na mizizi yake wakati udongo bado una unyevu. Uwanja ukikauka, mwaga mchanga mkavu na uufagie uingie kwenye nafasi hizo, maana ndio unaoyashika matofali yasicheze. Tofali lililozama lichomoe, ongeza mchanga chini, ulirudishe.

Hatari kubwa iko kwenye njia ya mkato. Wapo wanaochanganya jiki na asidi ya kusafishia choo ili madoa yatoke haraka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Asidi yenyewe hula matofali ya saruji.

Dawa hizo ziwekwe juu, mbali na watoto, na zisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi, hunywa.