Kelele Izaliwayo Kwenye Dayodi na Namna ya Kuizima

Umeme unaofika majumbani Afrika Mashariki ni wa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo kila mara, nao hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa kuwa redio na vikuza sauti huhitaji mkondo mnyoofu, ndani yake huwekwa transfoma ya kupunguza volti pamoja na daraja la dayodi nne, ambazo huruhusu mkondo upite upande mmoja tu.

Dayodi inapopitisha mkondo hujaa chaji. Kwa hiyo volti inapogeuka haifungi papo hapo, bali huachia mkondo urudi nyuma kwa muda mfupi sana mpaka chaji hizo ziishe, kisha huukata ghafla. Koili ya transfoma ina induktansi, yaani tabia ya kupinga badiliko la mkondo, na mkato huo unapoishtua, induktansi hiyo hushirikiana na kapasitansi ndogo iliyomo katika dayodi na nyaya, umeme ukatetema kama kengele iliyogongwa. Ikiwa induktansi ni mikrohenri 100 na kapasitansi ni pikofaradi 100, mtetemo huwa wa kilohezi 1,590 hivi, ambazo zimo ndani ya masafa ya kati ya redio. Ndiyo maana msikilizaji husikia mvumo unaojirudia mara 100 kwa sekunde.

Tiba iliyozoeleka ni kuunga kapasita ya nanofaradi 10 sambamba na kila dayodi. Katika mfano huo mtetemo hushuka hadi kilohezi 158 hivi, nje ya masafa ya kati. Aidha, mawimbi ya redio yaliyoingia kupitia nyaya za umeme hupata njia ya kuizunguka dayodi, isiweze tena kuyakatakata na kuzua ule mvumo unaosikika pale tu redio inapokamata kituo.

Hata hivyo, kapasita peke yake huhifadhi nishati na kuirudisha bila kuila, hivyo huushusha mtetemo pasipo kuumaliza. Kinachoumaliza ni rezista, ambayo hugeuza nishati hiyo kuwa joto: katika mfano uleule, rezista ya omu 1,000 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 1, zikaungwa sambamba na koili ya pili ya transfoma, mtetemo hufifia upesi.

Kapasita inayochaguliwa lazima istahimili volti za kinyume zinazoikabili dayodi. Koili ya volti 12 hufikia kilele cha volti 17 hivi, na kapasita ya volti 50 huitosha. Lakini umeme wa volti 230 usiopitia transfoma hufikia volti 325, na kapasita dhaifu huweza kupasuka. Fundi na achomoe plagi na kuondoa chaji kwenye kapasita kubwa ya kuchuja kabla ya kugusa chochote, kisha apime mtetemo kwa osiloskopu ndipo achague rezista na kapasita, kwani thamani zinazofaa transfoma moja huenda zisifae nyingine.