Kitenzi "borrow" kwa Mwanafunzi Mchina

Mwanafunzi Mchina hukutana na kitenzi cha Kiingereza "borrow" mapema, naye huweza kukikosea kwa muda mrefu. Husema "Borrow me your pen" akiomba apewe kalamu. Na pengine, akitaka kueleza kwamba alipewa fedha na mwenzake, hutumia "lend". Ni rahisi kwa mwalimu kulihesabu kosa hili kuwa uzembe. Lakini aliyekopa akisema amekopesha, amejigeuza mdai ilhali yeye ndiye mdaiwa.

Chanzo ni kitenzi jiè cha Kichina sanifu, ambacho hubeba maana zote mbili. Tungo wǒ jiè tā yì běn shū yaweza kufasiriwa kuwa msemaji amempa mtu kitabu kwa muda, au amekichukua kwake. Msemaji akitaka kuondoa utata huongeza neno: jiè gěi huonyesha kitu kinakwenda kwa mwingine, na xiàng mbele ya jina humtaja anayetoa. Mwelekeo, basi, umo katika tungo, haumo katika kitenzi.

Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kulishangaa jambo hili. Juma amemwazima Ali kitabu. Juma ameazima kitabu kwa Ali: kitenzi ni kile kile, na kiambishi cha yambwa pamoja na kihusishi ndivyo vinavyoamua. Hata "niazime kalamu yako" yaweza kuwa ombi la kupewa au la kuchukua, kwa kuwa ni- yaweza kuwa yambwa au kiima.

Kiingereza sanifu kimeufunga mwelekeo ndani ya mzizi. Si kwamba utengano wa aina hiyo ni mgeni kwa Mchina: kununua ni mǎi na kuuza ni mài, toni pekee ikivitenga. Kinachompoteza ni kamusi inayofasiri "borrow" na "lend" kwa jiè bila nyongeza yoyote. Afadhali afundishwe tangu mwanzo "borrow" pamoja na "from", na "lend" pamoja na "to", kama tungo nzima. (Zipo lahaja za Kiingereza chenyewe ambamo wenyeji huvichanganya vitenzi hivi, lakini mtahini hatakubali udhuru huo.)

Ugumu wa pili haufanani na huo. "Borrow" ni tendo la mara moja, lililokwisha kitu kilipopokelewa. Mchina husema bila kosa kwamba kitabu ame-jiè siku tatu, akimaanisha amekaa nacho siku hizo. Akihamisha tungo hiyo neno kwa neno hupata "I have borrowed this book for three days", ambayo mwalimu huisahihisha. Hapo Kiingereza hutaka "have had" au "have kept", na anayeuliza muda wa kukaa na kitabu cha maktaba huuliza kwa "keep". Choo nacho, ambacho Mchina aweza kukiombea ruhusa kwa jièyòng, kwa Mwingereza huombwa kwa "use", maana hakiondolewi mahali pake wala hakirudishwi.