Wengi, Wachache na Wanaoongezeka Mbio: Rekodi za Idadi ya Watu na Huduma

Taifa lenye watu wengi kuliko yote. Ni India. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, iliipita China mwaka 2023, na sasa ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Ungetarajia serikali yenye umati huo ishindwe kumfikia mtoto mmoja mmoja. Hata hivyo, hakuna nchi yenye mpango mkubwa kuliko wake wa chakula cha mchana shuleni: hulisha watoto zaidi ya milioni 100. Jimbo la Tamil Nadu lilipanua mpango wake wa aina hiyo mwaka 1982, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaamuru majimbo yote yawapikie watoto.

Tena, katika sensa ya India ya 2011, jimbo lililoongoza kwa kujua kusoma na kuandika lilikuwa Kerala, takriban asilimia 94, ilhali Bihar haikufika 65. Kerala ina msongamano wa watu unaozidi mara mbili wastani wa nchi nzima. Basi wingi peke yake hauzuii huduma.

Wachache sana. Tuvalu, visiwa vya Pasifiki vyenye watu kama 11,000, ina hospitali moja tu, na wagonjwa mahututi hupelekwa nje, wengi wao Fiji. Chuo kikuu nacho Tuvalu inakimiliki kwa pamoja na nchi nyingine 11. Kilianzishwa mwaka 1968, makao yake Suva, Fiji. Kwetu Afrika Mashariki, kaunti ya Kenya yenye watu wachache zaidi ni Lamu: 143,920 katika sensa ya 2019. Uchache huo haupunguzi gharama. Zahanati ya kisiwani inahitaji muuguzi, dawa na boti ya kumkimbiza mama mjamzito, wakija wagonjwa 10 au 100. Ndiyo maana naona si haki kugawa fedha kwa kuhesabu vichwa peke yake.

Kasi kubwa. Hii ndiyo rekodi inayonitia wasiwasi kuliko zote. Sensa ya 2012 iliikuta Tanzania na watu 44,928,923. Ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Nyongeza ni watu milioni 16.8 ndani ya miaka kumi, wengi kuliko Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967, ambao walikuwa milioni 12.3. Ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Serikali ikiongeza walimu kwa asilimia 3 kila mwaka, itatangaza ajira mpya kila mwaka, na bado darasa litazidi kujaa.

Kinara wa kasi hiyo ni Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ulitoka watu 564,604 ukafikia 1,152,958, kwa kuzaliana na kwa wakulima na wafugaji waliohamia kutafuta ardhi. Maana yake, kila dawati, kitanda cha kujifungulia na kisima kilichokuwapo 2012 kilihitaji mwenzake kufikia 2022 ili hali ibaki vilevile, bila kuboreka hata kidogo. Tangu elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ilipofutiwa ada mwaka 2016, wazazi wameitikia kwa kuwaandikisha watoto. Wametimiza sehemu yao.

Vijana na wazee. Niger, karibu nusu ya watu ni watoto chini ya miaka 15. Japani, karibu asilimia 29 wamevuka 65. Moja inatafuta madarasa, nyingine inafunga shule na kutafuta wahudumu wa wazee.

Muda mrefu bila sensa. Lebanon haijafanya sensa rasmi ya watu tangu 1932. Jirani yetu Kongo ilihesabu mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo chanjo, shule na barabara zinapangwa kwa makadirio. Watu wasiohesabiwa hawapangiwi bajeti.

Juni, bajeti ikisomwa Dodoma, msikilizaji asiishie kwenye idadi ya madarasa yaliyojengwa. Mwulize mbunge wako: je, yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 3.2? Kama sivyo, tumerudi nyuma.