Habari ya Mtaani Ina Mwenyewe

Video yenyewe ni ya sekunde 43. Inaonyesha kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, maji taka yakifurika kutoka kwenye karo, yakipita mbele ya mlango wa madrasa, na watoto wameshika viatu mkononi wanatafuta pa kukanyaga. Niliipiga asubuhi moja ya masika, nikiwa na mkoba wangu wa hina begani, naenda kumpaka bi harusi upande wa Makadara. Nilikuwa na hasira. Sauti yangu inasikika ndani ya video ikimtaja mwenye nyumba kwa jina na kusema hajali watu.

Kabla ya kuituma nilimwonyesha Bibi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni mazima. Aliisikiliza mara mbili, akauliza, "Na mwenye nyumba yuasemaje?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi umeshashitaki, mwanangu. Habari bado."

Nikaenda. Yule mwenye nyumba alinitolea risiti mbili za gari la kunyonya maji taka. Mara zote mbili gari lilikuja, likakwama kwenye mdomo wa kichochoro, mpira wake haukufika. Vichochoro vyetu vilijengwa vya kupita mtu na punda, si lori. Kisha akanipeleka hadi kwenye mtaro mkubwa wa barabarani, akanionyesha ulivyoziba kwa mchanga na mifuko, maji ya nyumba za kichochoro chetu yakirudi nyuma. Mtaro huo si wake. Ni wa umma. Kama ningetuma ile ya kwanza, ningemchafulia jirani jina na kumwacha mhusika mwenyewe amelala usingizi.

Nilipiga upya. Hii ya pili ndiyo iliyozunguka mtaani, na ndiyo ninayoihesabu kuwa kazi yangu ya kwanza.

Kazi hii wataalamu wanaiita uandishi wa habari wa kiraia. Maana yake si ngumu: mtu asiyeajiriwa na gazeti wala redio anaikusanya habari ya mahali anapoishi, anaihakikisha, anaitoa kwa wenzake. Vifaa ni simu, bando na miguu. Vijana wa rika langu tumeshikilia njia hii kwa sababu mwandishi wa gazeti haji Kibokoni ila kuna mkasa, au mgeni mkubwa amekuja kutazama milango ya nakshi na Fort Jesus. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ni fahari yetu. Lakini hatua chache kutoka hapo kuna watu wananunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, na bei ya mtungi ikipanda usiku mmoja, hiyo kwetu ni habari nzito kuliko ziara ya waziri.

Kwa mwanamke jambo hili lina uzito wa peke yake. Habari za Mji wa Kale zimekuwa zikikaa barazani, kwenye vile vibaraza vya mawe, na kahawa chungu, na wakaao pale ni wanaume. Sisi za kwetu zilipita madirishani na kwenye nyumba za harusi. Mpaka hina hukaa saa tatu, nne na mwari wake, na humo utajua nani hajalipwa mshahara, zahanati gani haina dawa, nani ameambiwa ahame nyumba aliyozaliwa. Tulikuwa tunajua yote, ila hayakuwa na pa kutokea. Simu imeyafungulia mlango.

Imefungua na hatari pia, na hili nitalisema polepole kwa sababu ndilo linaloniumiza moyo. Sisi tuna neno sitara. Nyumba za hapa zimetazamana, dirisha kwa dirisha. Ukielekeza kamera kwenye mtaro, umelichukua na jiko la jirani, kanga yake kambani, na binti yake aliyetoka kuoga. Hiyo si ya mtaa. Ya mtaa ni mtaro. Kila nikiinua simu najiuliza kwanza kipi hapa ni cha watu wote na kipi ni sitara ya mtu, na nikishindwa kuvitenga, naishusha. Nyuso za watoto sizionyeshi kabisa. Napiga miguu, au migongo.

Mengine ni ufundi, na ufundi unafundishika. Shika simu kwa ulalo. Sekunde kumi za mwanzo usitikisike. Anza na kitu ambacho mtu wa hapa atakitambua bila kuambiwa, mnara wa msikiti au kibao cha barabara, ndipo uende kwenye jambo lenyewe. Taja tarehe na saa kwa sauti yako. Video ya asili usiifute wala kuikatakata; iweke, kwa sababu mtu akikukana, hiyo ndiyo shahidi wako. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo itabanwa na kupoteza ubora pamoja na kumbukumbu za saa na mahali. Wasichana watatu wa kichochoro chetu nimewafundisha haya jioni mbili tu. Karibu na ngome kuna Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa sanaa na teknolojia chenye redio yake, Swahilipot FM; anayetaka kusoma zaidi hahitaji hata nauli ya matatu.

Ila mtu asidhani mji huu umeanza kusema siku simu zilipokuja. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akiyatia mambo ya siku zake katika mashairi, vita, siasa na hata majirani, na watu wa Mvita, ndiyo Mombasa hii, wakiyabeba kichwani. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Hakungoja kampuni ya magazeti. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo watu wa hapa walizisoma tangu madrasani, akahimiza elimu na kuwakemea waliokuwa wakidharau asili yao. Baadaye, kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kila ninapopita njia hizi nawaza kwamba alichokiandika alikutana nacho msikitini siku ile ile, machoni mwa watu aliowakemea.

Na kutoka Kuze, mtaa tunaopakana nao, alitoka Abdilatif Abdalla. Novemba 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika kikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, akiilaumu serikali kwa kuwabana wapinzani. Hakikuwa na jina lake. Alijulikana hata hivyo, akafungwa miaka mitatu, hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Bibi alikuwa msichana wakati ule. Anasema watu walikuwa wakilitaja jambo lile kwa kunong'ona, na mlango umefungwa.

Kizazi changu kilirithi zana nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipopigwa marufuku na nchi ikawaka, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman waliunda Ushahidi mnamo Januari 2008. Mtu alituma ujumbe wa simu au wa intaneti kueleza alichokiona na wapi, nao ukawekwa kwenye ramani. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile. Kuna mauaji ambayo mwandishi hakufika, lakini jirani alikuwepo. Programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Nairobi, mwaka 2009, vijana wa Kibera walichora wenyewe ramani ya mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa pengo tupu, na mwaka uliofuata wakaanza kupiga habari zao za video. Kwenye uchaguzi wa 2022, fomu za matokeo kutoka vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwa umma, na vijana wakazijumlisha wenyewe sebuleni.

Kisha ukaja Juni 2024. Muswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Yalikuwa makaratasi ya Kiingereza cha wanasheria. Vijana kote nchini waliyachambua kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok. Mimi nilikwenda kwa mama anayetuuzia mahamri na mbaazi, nikampiga akiwa mbele ya karai lake. Nikamuuliza anatumia mafuta kiasi gani kwa siku, akajibu, tukapiga hesabu pamoja hadi tukajua hamri moja italazimika kuuzwa bei gani. Dakika mbili. Sijawahi kutoa kitu kilichoeleweka haraka namna ile. Wazee wa barazani wakawa wanaitana waitazame. Tarehe 18 Juni ushuru wa mkate na wa mafuta uliondolewa kwenye muswada. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kuuondoa muswada wote.

Sitawaficha wasichana ninaowafundisha kwamba njia hii ina gharama. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Mwanzoni ilisemwa amejigonga mwenyewe ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikataa. Alikuwa na miaka 31.

Kwa hiyo sheria tunaisoma kama tunavyosoma njia kabla ya safari. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinasema uhuru huo hauingii kwenye uchochezi wa ghasia wala maneno ya chuki. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka kumi, kwa habari ya uongo inayozusha taharuki. Kifungu ninachokipenda ni cha 35 cha Katiba hiyo, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya 2016 ikakipa meno: ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu, na saa 48 ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na huhitaji kueleza sababu. Watu wengi hawalijui hili. Baada ya ile video ya pili ya mtaro niliandika barua ya namna hiyo, nikaipeleka kwa mkono, nikapigiwa muhuri nakala yangu. Jibu lilikuja siku ya 19. Wafanyakazi wakaja na majembe na toroli, wakazibua. Mtaro ukajaa tena masika iliyofuata, lakini safari hii tulijua kwa jina la ofisi pa kwenda.

Kuna siku moja niliyokosea, na nitaieleza kwa kuwa walioumia walikuwa wangu. Ilikuja klipu ya jengo la ghorofa likiporomoka, na maneno kwamba ni Kibokoni, sasa hivi. Nyumba zetu kadhaa zimechoka na kila mtu anaogopa siku hiyo, nami nikaisukuma kwenye kundi la mtaa lenye watu zaidi ya mia mbili. Ami mmoja, mzee ambaye binti yake anaishi kichochoro kilichotajwa, alitoka mbio bila viatu. Akaanguka kwenye ngazi. Usiku niliitazama tena kwa utulivu: magari yalikuwa yanakwenda upande wa kulia wa barabara. Kenya twaendesha kushoto. Lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, na juu ya klipu ilikuwepo ile alama ya mishale miwili ya kwamba imeshapita mikono mingi.

Nilikwenda kwake asubuhi na Bibi. Nilitaka kuomba radhi na kuondoka, lakini Ami alikataa. Alitaka nikae hapo kitandani pake, nirekodi sauti yangu nikisema nimesema uongo bila kujua, nitaje saa niliyoituma, kisha nitume kwenye kundi lile lile yeye akisikiliza. Nikafanya. Mkono ulinitetemeka kuliko siku yoyote niliyoshika hina. Alipojiridhisha imekwenda, akamwambia binti yake atie chai.

Mwandishi wa mbali akikosea huandika masahihisho ukurasa wa ndani na maisha yakaendelea. Mimi Ami naonana naye kila siku. Naona goti lake.

Wiki hii kuna nguzo ya umeme iliyoinama kwenye kona ya kichochoro cha pili, waya wake umekaribia kugusa roshani ya mbao. Nimeshaipiga, kwa ulalo, na mnara unaonekana nyuma. Nimewauliza wapangaji wa juu, wanasema imeinama tangu lori la mchanga liigonge. Mwenye nyumba anasema aliripoti, na namba ya ripoti anayo dukani. Leo ni Ijumaa. Wakitoka msikitini nitamfuata dukani nikaione hiyo namba, ndipo niitume.